Siku ya Kumnyoa Nashipae

Kwetu Wamaasai bibi harusi hunyolewa. Sisemi kupunguzwa. Kunyolewa, mpaka kichwa king'ae, kisha kinapakwa mafuta na udongo mwekundu. Mimi nilinyolewa, na mume wangu alinipenda hivyo hivyo, ingawa lazima niseme macho yake hayakuwa mazuri.

Kwa hivyo harusi ya mjukuu wangu Nashipae, yule anayeniita Koko, ilipopangwa, hakuna aliyefikiria habari ya kichwa. Watu walifikiria mahema, pilau na nani asialikwe. Nashipae peke yake ndiye alikuwa hapati usingizi.

Huyu msichana anauza saruji na misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kitengela. Miaka michache iliyopita nywele zake zilianza kuanguka. Kwanza doa moja la mviringo, laini kama kiganja cha mtoto. Kisha lingine. Kisha kichwa chote, na nyusi nazo zikafuata kama kondoo. Wengine walisema ni maji ya chumvi ya kisima, wengine wakasema kuna mtu alimwangalia vibaya. Mtu huyo akatafutwa, na nikaona wananiangalia mimi. Nashipae akanunua wigi. Ilikuwa nzuri kuliko nywele zote nimewahi kuwa nazo, lakini jua la saa saba likipiga mabati ya duka, ilimchemsha kichwa kama sufuria.

Ndipo akapelekwa kwa daktari wa ngozi huko Nairobi, mama mmoja mpole anaitwa Mwihaki. Nilimsindikiza. Daktari akatuambia si uchawi wala si maji. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe, ile inayopigana na magonjwa, imekosea na kushambulia mizizi ya nywele.

"Ni kama mbwa wa boma ameanza kuuma ndama," nikasema.

"Karibu hivyo, nyanya. Dawa za zamani zilikuwa zinafunga mbwa wote."

"Na fisi anaingia."

"Ndiyo. Dawa hii mpya inazuia ule ujumbe unaowaambia wang'ate ndama. Mbwa wengine wanabaki kazini, lakini si wote, ndiyo maana lazima tumchunge."

Wakampima damu, wakampima kifua kikuu, wakamwambia kwa wengine dawa inafanya kazi na kwa wengine haifanyi. Pia akiiacha, nywele zaweza kuanguka tena. Nashipae akaanza kumeza kidonge kila siku. Kwa muda mrefu hatukuona kitu. Kisha kukaja manyoya meupe kama ya kifaranga, mpaka nikamwambia tutamfungia na kuku. Kisha yakawa meusi. Kisha yakawa nywele. Hakumwonyesha mtu ila mama yake, mimi, na Katoo, yule kijana wa Isinya anayemwoa. Wigi aliitupa lakini alifunga kitambaa, kama mtu aliyeficha pesa.

Hiyo wiki ya harusi, shangazi yake Katoo, Resian, alikuja kwangu Kajiado na wanawake wawili.

"Takwenya, yieyio," akanisalimu, akiniita mama.

"Iko," nikamjibu, nikamwekea chai.

"Jumamosi asubuhi tunakuja kuona kichwa," akasema akikoroga sukari.

"Kuona au kunyoa?"

"Yote mawili. Watu wa Isinya wanasema huyu msichana hana haja ya wembe. Wanasema chini ya kitambaa ni yai."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi? Mimi nilinyamaza."

"Hiyo ndiyo habari kubwa umeniletea leo," nikasema, na wenzake wakacheka ndani ya vikombe.

Nashipae alikuwa jikoni na alisikia yote. Walipoondoka, akatoka macho mekundu.

"Koko, sinyolewi. Ambia mama, ambia pasta, ambia ng'ombe. Sinyolewi."

"Ng'ombe wameshasikia. Umepiga kelele."

"Si mchezo, Koko! Nimengoja hizi nywele miaka. Na zikikataa kurudi?"

Hapo nikaacha utani, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu. Nikampigia daktari simu, nikaweka sauti kubwa ili wote tusikie.

"Daktari, huyu akinyolewa, ugonjwa unarudi?"

"Wembe haufiki kwenye mzizi, nyanya. Ugonjwa ulikuwa kwenye mzizi. Asiache dawa tu. Na tumieni wembe mpya, msimkate. Dawa hii inamfanya ashikwe na maambukizi kwa urahisi kidogo."

"Kwa hivyo zitarudi?"

"Natarajia zirudi. Kuapa siwezi."

Nashipae akavuta kamasi. "Umesikia? Hawezi kuapa."

"Nimesikia. Kichwa ni chako, mwanangu. Ukisema ninyoe, nitanyoa. Ukinyamaza, mkono wangu utaanza kutetemeka, niseme siwezi kushika wembe. Kwa umri wangu nani atabisha?"

Akacheka kidogo, na machozi bado yapo.

Jumamosi wanawake wakajaa nje ya nyumba. Nashipae akaja, akaketi kwenye kigoda, akafungua kitambaa. Alikuwa amezichana nywele zikasimama nyeusi, nzito, zimemzunguka uso. Wanawake wakanyoosha shingo. Mimi sikuwa na haraka ya kutafuta wembe. Nilimgeuza huku, nikamgeuza kule, kama mtu anayeuza ndama mnono.

Resian hakuamini. Akasogea, akashika fungu moja, akavuta.

"Aiii! Shangazi!"

"Haki ni zake!" Resian akapiga kelele, na wanawake wakacheka mpaka kibuyu cha maziwa kikataka kumwagika. Yeye mwenyewe alicheka kwa aibu, akamsugua Nashipae pale alipovuta. "Pole, mtoto. Jamani, nywele kama hizi ni za kunyoa kweli? Tuziache. Nitawaambia Isinya kwa mdomo wangu."

Nikaona mlango wa kuziokoa nywele umefunguka. Nikaanza kutetemesha mkono, polepole, na kuguna kidogo ili ionekane ni kweli.

Nashipae akaniangalia. Aligusa nywele zake mara moja, pande zote mbili.

"Koko, wacha mkono utulie," akasema. "Leta wembe."

"Una hakika?"

"Zile za kwanza ziliondoka bila kuniuliza. Hizi nazitoa mimi."

Mkono wangu ukapona papo hapo, na hakuna aliyeuliza. Resian akamlowesha kichwa kwa maziwa na maji, mimi nikanyoa kwa wembe mpya, na sikumkata hata kidogo. Akapakwa mafuta na udongo, akatoka mwekundu na mrembo. Kidonge chake alikimeza kabla ya kupanda gari la kwenda kanisani.

Baada ya wiki kadhaa maharusi wakaja kunitembelea. Nashipae alikuwa na kitambaa tena, na mimi nikaogopa kuuliza. Nikamwaga chai mara mbili. Katoo ndiye aliyeanza.

"Koko, nimekuja kumshtaki mke wangu."

"Amefanya nini?"

"Kichwa chake. Akiniegemea kinanichoma kama brashi ya viatu."

Nashipae akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Anakuchoma akiegemea upande gani?" nikamwuliza.

"Kila upande, Koko! Kulia, kushoto, hata nyuma."

"Basi zimerudi kote," nikasema, nikamwongezea chapati.