Risasi Tano za Kushoto

Kamati ya ununuzi ilibishana wiki nzima juu ya bunduki mpya ya wadunguzi kabla ya mtu kupendekeza kwamba labda ingefaa kuiona ikipigwa.

Mwenyekiti, brigedia mwenye sauti ya gwaride, aliitaka kwa sababu nchi jirani ilikuwa nayo. Mchumi wa wizara hakuitaka kwa sababu ya bei: moja ilikuwa sawa na gari dogo, na risasi yake moja ilitosha kumlisha askari kutwa. Wakala wa kiwanda, kijana wa tai nyembamba, hakujali sababu, mradi wanunue.

"Inapiga mita elfu moja na mia tano," alisema wakala.

"Na ya sasa?" aliuliza mchumi.

"Mia nane, mama, na hapo uwe umeamka vizuri."

"Adui huwa anakaa umbali gani?"

"Hiyo inategemea adui."

"Basi tumwandikie atujibu," alisema brigedia, akacheka peke yake.

Taarifa kutoka milimani zilikuwepo mezani. Zote zilisema kwamba vituo vya jeshi vilishambuliwa "kutoka mbali". Mchumi aliziweka kando. Mbali, alisema, si kipimo. Hapo alikuwa sahihi, na hakuna aliyefikiria kumtafuta mtu aliyepima.

Mtu huyo alikuwepo. Alikuwa koplo, binti wa mkufunzi mkuu wa wadunguzi, na alikuwa amerudi nyumbani kwa likizo fupi. Kabla ya hapo alikuwa amelala juu ya mwamba milimani akiwatazama kwa darubini watu waliokuwa wakiwapiga wenzake. Walikaa umbali wa mita elfu moja na mia mbili, wakanywa chai, wakapiga, wakanywa tena. Bunduki yake haikuwafikia. Mwezi uliofuata alitakiwa kurudi kwenye mwamba uleule.

Baba yake, ambaye jeshi zima lilimwita Sindano, ndiye aliyechaguliwa kupiga bunduki zote mbili mbele ya kamati. Utaratibu ulidai hivyo: mpigaji mmoja, uwanja mmoja, risasi tano kwa kila bunduki. Uwanja wenyewe ulikuwa wa mita mia sita. Baada ya hapo kulikuwa na ukuta wa hospitali.

"Baba," alisema binti siku moja kabla ya jaribio, akimenya vitunguu jikoni, "kwa mita mia sita wewe unapiga hata kwa ufagio. Ukizipiga zote mbili katikati, watasema ziko sawa."

"Kwa hiyo?"

"Ya zamani ukose."

"Nikose?"

"Kidogo tu. Ina maana hujawahi kukosa maishani?"

"Niliwahi. Siku niliyokuwekea saini uingie jeshini."

"Sifanyi mzaha, baba."

"Hata mimi."

Kesho yake kamati ilikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Sindano alilala kifudifudi akapiga bunduki mpya kwanza. Karatasi ya shabaha ililetwa: zote tano katikati. Wakala alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Kisha Sindano akachukua ya zamani. Kabla ya kupiga alizungusha kitufe kilicho ubavuni mwa darubini iliyo juu ya bunduki, kile kinachosogeza alama ya kulengea kulia au kushoto. Kililia ta, ta, ta, taratibu. Kila mdunguzi hufanya hivyo kurekebisha upepo, na siku hiyo upepo haukuwepo. Akavuta pumzi, akaitoa nusu, akapiga. Mara tano.

Karatasi ilipokuja, katikati palikuwa peupe. Risasi zote zilikuwa zimekwenda kushoto.

"Mmeona?" alisema wakala. "Chuma kimezeeka. Hiki sasa ni cha makumbusho."

Brigedia alitikisa kichwa kwa huzuni iliyojaa furaha. Mchumi aliiweka karatasi mezani, akamalizia chai, kisha akageuza kikombe na kukifunika juu ya matundu. Yote matano yalipotea ndani ya mdomo wa kikombe.

"Afande," alimwambia brigedia, "mimi nimefanya kazi ya takwimu miaka mingi. Chombo kibovu kinatawanya: moja huku, moja kule. Makosa yanayokaa pamoja hivi yana sababu moja tu. Hii bunduki inapiga vizuri sana. Inapiga pasipotakiwa, basi." Akamgeukia mkufunzi. "Sindano, darubini imehama?"

Watu waliokuwa chini ya turubai wakamtazama. Angeweza kutawanya risasi. Fundi yeyote wa daraja la kati angefikiria hilo. Lakini kwa miaka yote aliyofundisha, kitu ambacho mwili wake haukuwahi kujifunza ni kupiga ovyo. Aliposhika bunduki akiwa amekusudia kukosa, alikosa kwa usahihi.

"Huenda imehama, mheshimiwa," alisema.

"Irudishe, tupige tena."

Alikirudisha kitufe, akalala tena kifudifudi. Safari hii, aliamua, angetawanya: moja juu, moja chini, nyingine popote. Alikuwa bado anachagua ya kwanza iende wapi wakala alipoinama kando yake, mkono begani, na kusema kwa sauti iliyofika hadi kwenye viti:

"Mzee, usione aibu. Macho yanachoka. Hata baba yangu siku hizi anasomewa gazeti."

Wakala alitaka kuuza bunduki. Hiyo ndiyo sentensi iliyomkosesha mauzo. Risasi tano ziliingia katikati ya shabaha, ya tatu ikipita kwenye tundu la ya pili.

Brigedia alisimama akampigia saluti mtu wa cheo cha chini, jambo ambalo halijaandikwa popote kwamba linaruhusiwa. Kamati iliamua kabla ya chakula cha mchana: bunduki ya sasa inatosha, darubini zikaguliwe, mkufunzi apewe cheti.

Sindano alimfuata mchumi hadi kwenye gari.

"Mheshimiwa, zile za kwanza nilikosa makusudi."

"Najua."

"Milimani wanakaa mita elfu moja na mia mbili. Binti yangu amewapima mwenyewe. Uwanja wetu hauwezi kuonyesha hilo."

Mchumi aliutoa ufunguo mlangoni, akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayehesabu kitu cha maana.

"Kwa nini hukuniambia asubuhi? Hicho ni kipimo. Wiki nzima nimeomba kipimo. Ningeahirisha jaribio, ningemwita, ningeyaandika maneno yake."

"Nilidhani mngeamini macho yenu zaidi."

"Tuliyaamini." Hakuwa na hasira. "Sasa nikiandika kwamba mpigaji wangu alichezea darubini, halafu binti yake akaleta takwimu za kumuunga mkono, nani ataisoma taarifa hiyo hadi mwisho? Mimi mwenyewe nisingeisoma."

Aliingia garini. Alikuwa anasema kweli, na Sindano, aliyeheshimu kweli kuliko cheo, alimfungia mlango.

Nyumbani, binti alikuwa uani anaanua nguo. Alimwangalia baba yake usoni, akakunja shuka bila haraka.

"Umezipiga katikati."

"Za pili. Za kwanza nilikosa."

"Ulikosaje?"

Akamweleza: kitufe, kushoto, kikombe. Binti alikaa kwenye kizingiti, akaanza kucheka hadi akajishika mbavu, kisha kicheko kikamwishia ghafla.

"Baba, hata kukosa umelenga."

"Nisamehe, mama."

"Bunduki mpya ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

Binti alilinyoosha lile shuka mapajani.

"Kama siwafikii nilipo," alisema, "itabidi niwasogelee. Mita mia nne kwenye mawe matupu, mchana, wao wananiangalia. Hukunifundisha hiyo. Ulisema mdunguzi anayetambaa kwenda kwa adui amekosea hesabu."

"Nilisema."

"Basi nifundishe hesabu iliyokosewa."

Sindano alivua koti la sherehe, akalitundika kwenye kamba ya nguo. Akalala kifudifudi kwenye sakafu ya uani, tumbo likimzuia kushuka kama zamani, akageuza shavu likagusa saruji.

"Kwanza kichwa," alisema. "Hakinyanyuki. Hata ukisikia jina lako, hakinyanyuki. Lala hapa, nikuone."