Msishtuke, Ni Kahambu Anakimbia

Mji huu haujui kukimbia kwa raha. Kisangani ukimwona mtu anakimbia, unajiuliza jambo moja tu: anakimbia nini? Vita vimepita hapa zaidi ya mara moja, na watu wamebaki na miguu myepesi. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilipotoka na raba zangu, mama mmoja alimnyakua mtoto wake, papa Augustin akafunga kibanda chake cha dawa, na kijana wa toleka akageuza baiskeli na abiria wake juu bila kumuuliza. Nikapiga kelele, "Ni sport! Ni sport tu!" Nani asikie? Walikuwa wameshafika mbali.

Sikuwa na nia ya kumtisha mtu. Kutwa nzima nauza sabuni na unga katika duka la baba yangu, papa Télesphore, aliyetoka Butembo na mali yake na sauti yake. Sauti ile ingetosha soko zima. Kahambu, fungua katoni! Kahambu, mteja! Saa ile ya asubuhi ndiyo pekee ambayo hakuna anayenituma. Naipenda sana, na sikutaka kuigawana na mtu.

Majirani walipompelekea baba malalamiko, nilidhani atanikataza. Afadhali angenikataza. Alisema atapanga mambo.

Katika parokia yetu hapa Kabondo, mtu akitaka jambo lijulikane, analipeleka kwa katekista Jumamosi, na Jumapili baada ya komunyo linasomwa pamoja na ndoa na misa za marehemu. Nimekaa zangu kwenye benchi, nimevaa vizuri, mara nasikia jina langu.

"Ba papa na ba mama, musiogope," alisoma katekista. "Kahambu, mutoto ya papa Télesphore, iko anafanya sport kila asubuhi, saa kumi na mbili. Anatoka kwabo, anapita nyuma ya shule, anarudia barabara kubwa. Donc, mukimuona anakimbia, hakuna kitu. Mumupe courage!"

Kanisa zima likapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze. Tulipofika nje nikamshika baba mkono.

"Papa, umeambia batu yote njia yangu na saa yangu!"

"Ndiyo, sasa Kabondo yote iko inakuangalia. Njo sécurité hiyo!"

"Na ule mwenye roho mubaya, yeye haendake misa?"

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. Kwa baba yangu, kitu kikitangazwa kimeshalindwa. Biashara yake yote ameijenga hivyo, na huwezi kubishana na mtu ambaye kosa lake limekuwa likimtajirisha.

Basi nikawa mali ya mtaa. Courage, Kahambu! Leo umechelewa, Kahambu! Mama Euphrasie, anayekaanga mikate midogo ya mafuta kando ya barabara kubwa, alinipigia makofi, kijiko chake kirefu kwapani, kila nilipopita. Alikuwa na moyo safi, lakini nilichoka naye. Nilichoka nao wote.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Nyuma ya shule, penye majani marefu, mwanaume alikuwa amekaa juu ya pikipiki nyekundu, ameizima. Sikuwa nimewahi kumwona.

"Kahambu," aliniita. "Simama. Panda nikubebe."

"Nani alikuambia jina yangu?"

"Si balisoma mu kanisa?"

Akanishika mkono, akanivutia kwenye pikipiki. Nilimng'ata. Ndiyo, nilimng'ata, na sioni haya. Aliponiachia nikakimbia kuelekea barabara kubwa jinsi ambavyo sikuwahi kukimbia katika mazoezi yangu yote, na nyuma yangu nikasikia pikipiki inawaka.

Barabarani watu walikuwepo, wengi tu. Niliogopa sana, lakini nilipowaona nikajua nimepona.

"Munisaidie! Anataka kunikamata!"

"Courage!" walinijibu. "Courage, Kahambu!"

"Leo iko na kocha!" alisema papa Augustin, akimwonyesha yule wa pikipiki. "Na pikipiki yake! Ah, sasa njo sport ya kweli!"

Wakapiga makofi. Nikalia, wakasema najikaza. Nikaanguka, nikainuka, wakashangilia zaidi. Na yule mshenzi, Mungu wangu, akawapungia mkono.

Hapo hasira ikanipanda kuliko woga. Nikakata kona, nikaelekea moja kwa moja kwa mama Euphrasie, nikalipiga teke beseni lake la unga uliokandwa. Lote likamwagika kwenye mchanga.

Ndipo mtaa ukaamka! Mama Euphrasie akanishika shati, akapiga yowe, na kabla sijavuta pumzi wanawake walikuwa wamenizunguka, vijana wa toleka wametupa baiskeli, kila mtu anauliza kuna nini. Kilio changu hakikumwinua mtu hata mmoja. Unga uliwainua wote. Pikipiki nyekundu ikageuka na kwenda.

Mama Euphrasie alinikokota mpaka dukani kwa baba, bado amenishika shati.

"Télesphore, mutoto yako alimwanga unga yangu!"

Nikasema yote palepale: jina langu, kanisa, mkono wangu. Nilisema kwa kelele, maana mimi pia ni mtoto wa baba yangu. Mama Euphrasie akaniachia polepole.

"Ule mutu," alisema, "nilimupigia makofi." Akakaa juu ya gunia, akaanza kulia.

Baba alikuwa amesawijika uso. "Imeisha," alisema. "Hakuna kukimbia tena. Jumapili nitaambia katekista..."

"Hapana, papa! Usimuambie katekista kitu! Nililia, hakuna mutu alinisaidia. Ni sababu yako! Ulibaambia basiogope."

Nilingoja anikatalie, na kama angenikatalia nadhani ningeondoka nyumbani siku ile. Badala yake alikwenda akafunga mlango wa duka, asubuhi ile, wateja wakiwa nje. Sijawahi kumwona akifanya hivyo, hata kwa msiba.

"Kesho utapita wapi?" aliuliza.

Nikamwambia sikioni. Njia nyingine, saa nyingine. Nikamwambia pia nitarudi saa ngapi, na nisiporudi aje kunitafuta huko na watu. Akarudia jina la ile njia kwa sauti ndogo mno, hata mama Euphrasie pale guniani hakulisikia.

Nje wateja walianza kugonga. "Papa Télesphore!" aliita mmoja wao. "Tulisikia mambo! Kahambu atakimbia tena? Atapita wapi?"

Baba akausogelea mlango, bila kuufungua.

"Mimi sijui," alijibu.