Peugeot Mbili na Sikio la Makhanu

Mume wangu Makhanu alijulikana kwa sikio. Mafundi wengine wa Kakamega walifungua injini kwanza ndipo wajue inaugua nini. Yeye aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho kama anayesikiliza taarifa ya habari. Kisha angesema, "Ni pampu ya maji," na ikawa ni pampu ya maji. Watu walileta magari hata kutoka Mautuma, wakapita mafundi kumi njiani, waje kwenye gereji yetu hapa Amalemba. Mimi niliuza chai na mandazi kibandani, ubavuni mwa gereji, na kwa miaka kumi na tisa nilizisikiliza injini hizo hata bila kutaka.

Mwaka ule wa 1994, tangu Pasaka, nilikuwa nikimwita mara moja, mara mbili, mara tatu, hageuki. Nilidhani amenichoka. Nililia, sioni haya kusema, halafu nikampa obusuma, ugali wetu, ukiwa baridi makusudi siku mbili mfululizo. Akala bila neno, jambo lililonikasirisha zaidi. Kisha siku moja mvua ya mawe ilipiga mabati mpaka nikaziba masikio, na yeye, aliyekuwa amelipa dirisha mgongo, akaniuliza mbona kuku wameingia ndani. Hapo ndipo nilipojua. Hasira zote ziliniishia nikabaki na woga.

Sikumwambia. Sikio lile ndilo lililotulisha, na ndilo lililomfanya atembee sokoni kifua mbele. Niliona afadhali aniambie mwenyewe akiwa tayari.

Basi Jumamosi moja asubuhi akaja Daktari Zilpah Musimbi, daktari wa watoto, pamoja na Kipsang, injinia wa kiwanda cha sukari aliyekuwa anahamia Nairobi. Kipsang na rafiki yake walileta Peugeot 205 GTI mbili, moja nyekundu, moja nyeusi. Zilikuwa fupi, zimeinamia barabara, na ukiziangalia haraka ungesema ni mapacha. Injinia alikuwa anaziuza zote mbili.

"Fundi, mimi nitanunua moja," daktari alisema. "Nimeendesha pikapu ya marehemu baba miaka minane. Sasa nataka gari inayokimbia, na sitaki mtu aniambie nitafute ya kubeba viazi. Lakini hii ndiyo akiba yangu yote. Nikikosea, basi. Wewe ukisema hii, ni hii."

Makhanu alikuwa akimtazama midomo. Aliitikia kwa kichwa, akaingia katika ile nyekundu pamoja na daktari, wakaenda mpaka Sigalagala na kurudi. Kisha wakaenda na nyeusi. Aliposhuka alikuwa anatabasamu kama bwana harusi, na akaanza kueleza kwa sauti kubwa kupita kiasi. Watu waliokuwa wamekusanyika walidhani ni furaha.

"Hii nyekundu ina injini ya 1600. Ni nyepesi. Inataka uikanyage, uiamshe, na ikiamka inakimbia mpaka unasahau kubadilisha gia. Breki za nyuma ni za ngoma. Sasa hii nyeusi ni 1900, na hii haingojangi. Ukiwa kwa mlima na gia ya tatu unagusa tu, inapanda kama hakuna mlima. Breki ni za diski, mbele na nyuma. Lakini daktari, ukiingia kona mbio halafu uogope, uachilie mafuta ghafla, itakugeuzia mgongo. Hata nyekundu inaweza, lakini hiyo inakuonyanga kwanza."

"Wewe ungechukua gani?"

Aliulizwa mara mbili ndipo akajibu. "Nyeusi."

Sikumlaumu. Mikono na makalio yake vilikuwa vimemwambia kweli. Kilichobaki kilikuwa kazi ya sikio. Aliinua boneti ya nyekundu, akaweka bisibisi, akafumba macho, akaitikia. Akaenda kwa nyeusi, akafanya vivyo hivyo huku Kipsang akikanyaga mafuta, akipiga resi, akaitikia tena.

"Zote ziko sawa," akasema.

Nilikuwa namimina chai. Kila Kipsang alipoachilia mafuta na mngurumo ukashuka, nilisikia kitu kikigonga chini kabisa ya injini ile nyeusi, ko, ko, ko, kizito, kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi iliyofungwa kitambaa. Niliijua sauti hiyo. Pikapu ya mkate iligonga hivyo wiki nzima, kisha injini yake ikapasuka.

Daktari alikuwa ameshaanza kufungua mkoba wake. Nikinyamaza, yule mama angepoteza akiba yake. Nikisema, ningemwaibisha mume wangu mbele ya nusu ya Amalemba. Nikachukua kikombe cha chai nikaenda.

Nilimpa chai kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nikauweka mgongoni pake, na kidole kikagonga pamoja na injini, ko, ko, ko. Kipsang akapiga resi, akaachilia. Kidole kikafuata. Makhanu alikauka. Kisha akageuka akanitazama usoni, nami nikaona ameelewa mambo mawili, kwamba gari ni bovu na kwamba mimi ninajua.

Nilikuwa nimempa njia ya kutokea. Angesikiliza tena, aseme kumbe kuna kitu, na jina lake libaki pale pale. Alichukua bisibisi, akainama, akaishikiza chini kwenye sampu, bakuli la oili, na safari hii mpini akauuma kwa meno. Mtu mmoja akacheka. Makhanu alikaa hivyo muda mrefu, kisha akasimama akajifuta mdomo.

"Daktari, usichukue hii nyeusi. Beringi za konrodi zimekwisha, injini karibu ipasuke. Nimezisikia kwa meno." Akanielekezea bisibisi. "Na si mimi nimejua. Mimi sisikii tena. Ni Mama Lynette, mke wangu, amesikia."

"Mama wa chai?" Kipsang akauliza.

Makhanu hakubishana naye. Aliingia chini ya gari, akafungua nati ya oili, akatoka na kiganja kimelowa. Ndani ya oili ile nyeusi chembe za chuma zilikuwa ziking'aa. Kipsang aliziangalia, akakuna kichwa.

"Nilipiga jiwe njia ya Mautuma, mwezi wa nne," akasema. "Taa ya oili ikawaka. Nikasema wacha nifike kwanza."

Daktari alichukua nyekundu. Kabla ya kuondoka alimshika Makhanu bega, akamwambia polepole, uso kwa uso, afike hospitali Jumatatu aonwe na daktari wa masikio. Hakumwahidi kwamba atapona.

Gari lilipotoka, Makhanu alisimama kando ya barabara kulitazama, kichwa amekiinamisha upande kwa mazoea. Nilimwonea huruma.

"Inasikika aje?" akaniuliza.

Nikampigia kelele sikioni, Amalemba yote ikisikia. "Iko safi! Hakuna chuma kinagonga chuma. Sasa anabadilisha gia. Amechelewa kidogo!"

Alicheka. Kisha akaniuliza nilijua tangu lini, nikamwambia tangu ile mvua ya mawe.

"Na ulikuwa unaniita?"

"Kila siku. Mara tatu tatu."

Aliangalia mikono yake iliyojaa oili. "Mimi nilidhani uliacha kuniita," akasema. "Nikasema, huyu mama amenichoka."

Niliacha ageukie kazi yake, nikaweka kidole pale pale mgongoni, nikagonga mara tatu. Akageuka.