Korosho Mbili Shinani

"Geuzeni mifuko," alisema Idrisa, na ubapa wa panga lake ukagonga gome la mkorosho, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Nikageuza yangu. Simu, vumbi, basi. Baraka akageuza yake. Zikadondoka korosho tatu, mbichi, bado zinanata maji ya bibo, tunda lake.

Mama yake Idrisa, Bi Somoe, mwenye shamba, akatua ndoo chini. Akazihesabu kwa macho. Hapo ndipo nilipoogopa.

Msimu wa korosho huku kwetu, mwizi wa shambani haulizwi mara mbili. Filimbi ikilia tu, kijiji kizima kinatoka na fimbo. Na filimbi yenyewe ilikuwa inaning'inia shingoni kwa Idrisa.

Yaani sisi tulikuja kutembea tu, bwana. Tumemaliza kidato cha nne, kukaa Magomeni ya Mtwara mjini kutwa nzima siwezi, miguu inaniwasha. Nikamvuta Baraka. Bodaboda mpaka lami inapoishia, halafu njia ya mchanga katikati ya mikorosho, tukielekea kilimani ambako unaiona Ruvuma inajimwaga baharini, maji ya kahawia yanaisukuma buluu, na ng'ambo Msumbiji.

Baraka ni mtu wa Mbeya, baba yake kahamishiwa bandarini. Njiani tukaokota mabibo, tukala mpaka mashati yakaharibika. Sasa huku kwetu bibo la njiani unakula, hakuna neno. Korosho yake unaiacha shinani, mwenyewe ataikuta. Mimi nimelijua hilo kabla sijajua kusoma. Baraka aliniona naziweka chini, akadhani natupa.

"Ni za bibi yangu," alisema Baraka. "Hajawahi kuiona korosho ikiwa na ganda lake."

Idrisa akacheka. "Kila mwizi ana bibi." Akaitia filimbi mdomoni.

"Shikamoo mama," nikawahi. "Mimi Rashidi, mtoto wa hapa hapa Mtwara. Mabibo tumekula wote. Zangu nimeziacha shinani. Twende nikuoneshe."

"Wapi?"

"Ule mti ulioinama, karibu na njia."

Tukaenda. Idrisa nyuma yetu, nasikia panga linapangusa majani. Mgongo wangu wote ukawa sikio.

Tukafika. Mchanga umefagiliwa vizuri, alama za vidole vyangu zipo pale pale. Korosho hakuna.

"Haya, mtoto wa hapa hapa," alisema Idrisa kwa pembe ya mdomo. "Ziko wapi?"

Baraka akanishika shati. Mashavu ya Idrisa yakaanza kujaa pumzi.

Nikamtazama Bi Somoe. Yeye alikuwa anatazama ndoo yake. Ndoo ilikuwa imejaa nusu. Angenyamaza, nani angezijua korosho mbili ndani ya ndoo ya korosho?

"Hebu toa hilo dude mdomoni," alimwambia mwanawe. "Nimeziokota mimi. Zilikuwa mbili, zimelazwa pamoja, zimepanguswa mchanga. Nikasema, huyu aliyepita kalelewa."

Filimbi ikarudi kifuani. "Na za huyu je?"

Bi Somoe akamgeukia Baraka. "Ziweke hapo."

Baraka akapiga magoti, akazipanga shinani. Bi Somoe akainama, akaziokota moja moja, akazifuta kwa ncha ya khanga, akamrudishia kiganjani.

"Sasa nimekupa mimi. Mwambie bibi asiing'ate na ganda, itamuunguza mdomo."

"Mama!" alisema Idrisa.

"Beba ndoo, twende."

Siku hiyo kilimani hatukufika. Tulirudi, kila mtu na upande wake wa njia.

Baraka sasa yuko Mbeya. Mimi bado nipo, bado natembea. Juzi nimenunua bibo sokoni Chikongola, la kuuziwa, korosho wameshaichomoa. Nikalila nimesimama katikati ya watu, na lilipokwisha nikajikuta nimekunja kiganja, naangalia chini, natafuta shina.