Ukuta Uliovishwa Magunia

Kwa siku tisa nilikuwa na mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe alikuwa ukuta.

Ulikuwa wa baraza, katika nyumba ya zamani ya mfanyabiashara wa mawese, hapa Rumonge, karibu na ziwa. Nyumba ni ya matofali ya udongo iliyopakwa chokaa, na sisi mafundi sita tulikuwa tukifundishwa kuitengeneza kwa vitu vilevile vilivyoijenga. Kila mmoja alipewa kipande cha mita mbili. Plasta ya chokaa ikikauka haraka inapasuka, kwa hiyo nilikifunika changu kwa magunia na kuyanywesha maji asubuhi, mchana na jioni.

"Dada Nadia, mgonjwa ameamkaje?" Melkiades aliniuliza kila siku. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi na Kiswahili kilichonyooka, na chote alikitumia kunisumbua. "Amekunywa uji?"

Mimi sijui kujibu watu. Nilisoma ujenzi chuoni miaka mitatu, na miaka yote hiyo niliuliza swali moja tu, kuhusu choo kilipo.

Ijumaa ilikuwa siku ya mtihani. Mwalimu wetu, Madamu Rachelle, angetoka Bujumbura kukagua kuta, na mafundi wawili wa kwanza wangepewa nyumba nzima, kazi ya mwaka. Mama alikuwa akinitafutia mume. Mimi nilikuwa nimeshaipenda ile nyumba.

Aliyenifundisha kushika mwiko ni mjomba Kalume. Amepiga sima, yaani saruji, nusu ya Rumonge. Nusu nyingine, anasema, ndiyo inayovuja. Alhamisi alipita, akayatazama magunia yangu kama aliyemkuta mpwa wake harusini na nguo iliyochanika.

"Mupwa wangu, kesho mugeni anatoka Bujumbura. Ataona hivi?"

"Ndivyo inavyotakiwa, mjomba."

"Gunia?"

"Gunia."

Akaenda zake akitikisa kichwa. Nilipaswa kujua kitakachofuata. Kwetu mgeni akitangazwa, uwanja unafagiwa, shuka la kabatini linatolewa, na penye aibu panapakwa kitu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda sokoni kutafuta brashi. Niliporudi, magunia yalikuwa yamekunjwa vizuri pembeni, na ukuta wangu wote ulikuwa wa sima, laini kama kipara cha mjomba. Naye alikuwa mbele yake, ndani ya kanzu na viatu vya kwendea msikitini, ananawa mikono.

"Usinishukuru," akasema. "Iko kazi ya mujomba."

Sikumshukuru. Sima ikishakaza juu ya udongo, unyevu unabaki ndani na ukuta unaoza taratibu. Ukija kuibandua baadaye, inatoka na nyama. Hii ilikuwa bado mbichi. Ningeweza kuitoa, lakini kuitoa mbele yake ilikuwa kama kumvua kanzu barabarani. Na nikiiacha, nyumba inakwenda kwa wengine.

Melkiades akaingia, akatazama.

"Mgonjwa amezikwa," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Nikachukua mwiko. "Mjomba, unisamehe," nikasema, nikauchomeka pembeni na kuvuta. Kipande kizima kikaanguka juu ya viatu vyake.

Nikavuta cha pili, kisha cha tatu, huku machozi yakinitoka. Mjomba anavumilia matusi ya mafundi wenzake wote, ila kilio cha mtoto wa dada yake hakiwezi.

"Unaumiza ukuta," akasema mwishowe. "Laza mwiko. Laza. Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Basi siku ile nilikuwa na homa."

Akaninyang'anya mwiko, akapiga magoti, akaanza kuibandua sima yake mwenyewe, akiitukana kama mbuzi aliyeingia shambani. Chini yake chokaa yangu ilitokea, nzima, isipokuwa mikwaruzo mitatu. Yote mitatu ilikuwa yangu.

Hivyo ndivyo Madamu Rachelle alivyotukuta.

"Nini imetokea hapa?"

Nilitamani Melkiades ajibu. Yeye akaninyooshea kidevu, nijibu mwenyewe.

"Mjomba wangu aliupaka sima, madamu," nikasema. "Nikaamua itoke. Mikwaruzo ni yangu, nitaiziba leo." Ilikuwa hotuba yangu ndefu kuliko zote.

"Na alinichafulia viatu," mjomba akaongeza.

Madamu akabonyeza chokaa kwa ukucha. Ukucha haukuzama. Akaandika kitu, akauliza magunia yako wapi. Kabla sijageuka, mjomba alikuwa ameshayachovya kwenye ndoo.

"Lazima afunikwe," akamweleza madamu, kama mtu aliyelijua hilo tangu kuzaliwa. "Jua ya hapa iko mubaya kwake."

Jumatatu majina yalibandikwa mlangoni: Melkiades wa kwanza, mimi wa pili. Mjomba hakuyasoma. Alipita moja kwa moja na kopo la maji mkononi, akainua pembe ya gunia.

"Mugonjwa," akauliza, "amelala vizuri?"