Kinga ya Msumeno

Karakana nzima ilimwita Saba, kwa hesabu ya vidole alivyobaki navyo. Vitatu vililiwa na msumeno wa umeme, na bosi, kwa huruma zake, akampa cheo cha msimamizi wa usalama. Usalama gani! Kazi yenyewe ilikuwa moja tu: mkaguzi akipiga simu kwamba yuko njiani, Saba aitungue kinga ya msumeno kwenye msumari ukutani, aifunge juu ya meno kwa skrubu nne. Mkaguzi akiondoka, aifungue.

Leo mkaguzi aliitazama kinga, akatia sahihi, akaenda zake.

"Fungua, shemeji," alisema kaka wa mkewe, ambaye siku hizi ndiye aliyekuwa akipasua mbao pale. "Na hilo dude juu, milango kumi kwa siku haitoki."

"Una mapacha nyumbani, shemeji."

"Ndiyo maana sitaki kazi ilale." Akacheka. "Wewe ulizubaa tu. Mimi macho yangu hayabanduki kwenye meno."

Maneno hayo hayo Saba aliwahi kumwambia fundi aliyemtangulia, yule waliyemwita Nane. Sikio la kufa halisikii dawa.

Angekataa, bosi angeifungua mwenyewe. Akalegeza skrubu zote, akairudisha kinga msumarini. Kisha akaenda kabatini, akachagua kitambaa kilicho safi kuliko vyote, akakikunja na kukiweka karibu na msumeno, mahali pa kukinyakua upesi.