Mtutu Mpya wa Arlene

Nilikuwa nakaza skrubu ya kitako cha bunduki ya Arlene aliponiambia Thayne kwamba napoteza muda.

"Mzee, vipande hivi vimetengenezwa vibadilishwe. Unatoa, unarudisha, risasi inakwenda palepale. Nimeangalia video kumi."

"Na risasi umepiga ngapi?" aliuliza Arlene, mama mkwe wake.

Thayne akatazama milima.

Ilikuwa Alhamisi, na uwanja wetu wa shabaha, ambako mimi ndiye fundi wa bunduki, ulikuwa umejaa watu wanaosawazisha darubini za bunduki zao, kama kila mwaka kabla ya msimu. Arlene ana miaka sabini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa aliomba kwenye bahati nasibu kibali cha kuwinda yule kulungu mkubwa wa mabwawani mwenye pembe pana kama ungo, na mwaka huu jina lake likatoka. Hapa Idaho ukishampiga mmoja, hupewi kibali kingine maishani. Msimu wake ungefunguliwa Jumamosi hiyo.

Wiki hiyo Thayne, bila kuulizwa, aling'oa mtutu wa bunduki ya Arlene akaweka mwingine, mfupi na mwepesi. Aliuita zawadi. Darubini hakuigusa, na hilo ndilo alilojivunia.

Nusu saa kabla, Arlene alikuwa amepiga risasi tatu kwa yadi mia. Kiganja kimoja kingezifunika zote, lakini zilikuwa shubiri nzima kushoto na chini ya kitovu cha shabaha.

"Mama, ulifumba macho," alisema Thayne.

"Anayefumba macho hutawanya risasi," nilimwambia. "Hizi zimekaa pamoja."

"Labda alifumba macho vilevile mara tatu."

Nilikaa mezani nikapiga tatu zangu. Zikaenda palepale kwa Arlene. Hata hivyo sipendi kumhukumu mtu kabla ya kupima, kwa hiyo nilibadilisha kitu kimoja kimoja. Nilitoa kifyatulio nikakirudisha: risasi hazikuhama. Kitako vilevile: zilihama kiasi cha upana wa penseli. Kisha niliutoa mtutu wake mpya na kuurudisha huohuo, nikikaza skrubu kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza. Zilipanda vidole viwili.

Nilimwonyesha karatasi ya shabaha. "Darubini imefungwa kwenye mwili wa bunduki, Thayne. Risasi inatoka kwenye mtutu. Mtutu ukihama, darubini haina habari."

"Basi wewe ndiye uliyekaza vibaya."

"Wewe ulikaza kwa kipimo gani?"

"Kwa hisia."

"Kwa hisia!" Arlene alicheka mpaka wapigaji wa meza ya pili wakageuka. "Binti yangu naye alichagua mume kwa hisia."

"Mama, mimi nilitaka kukupunguzia mzigo."

"Umenipunguzia kulungu. Nimesubiri miaka kumi na tisa, halafu nimjeruhi mnyama akafie majini kwa sababu wewe una simu? Mzee, rudisha mtutu wangu."

Nikaurudisha mtutu wake wa zamani, nikakaza kwa kipimo, nikapiga tatu. Thayne alinyanyua mikono, tayari kushangilia. Zilikuwa vidole vitatu kulia kwa kitovu. Hata mtutu wa asili, ukishatolewa, haurudi ulipokuwa. Mikono ikashuka.

"Zungusha skrubu za darubini basi, twende," alisema.

"Mtutu umechemka, na wa moto haupigi palepale na wa baridi. Jumamosi risasi ya kwanza ya Arlene itatoka kwenye mtutu baridi."

Kengele ya kufunga uwanja ikalia. Arlene alihesabu risasi zake zilizobaki: saba. Nilichora mstari wa rangi juu ya kila skrubu, ili ikiguswa nijue. Thayne alinyoosha mkono kuichukua bunduki.

"Iache," alisema Arlene.

"Nilitaka kuibeba tu."

"Ndivyo ulivyoanza." Akanigeukia. "Kesho saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Tatu za kusawazisha, mbili za kuhakikisha, mbili zibaki za kulungu."

"Na yeye?"

"Uwanja ni wa wanachama na wageni wao," nilisema. "Kumleta au kumwacha ni juu yako."

Niliifungia bunduki kabatini, ikiwa bado inapiga vidole vitatu kulia.